Ukimkuta mtu hatarini: maswali tunayoulizwa mara kwa mara hapa Moshi

Mimi ni nesi mstaafu. Nilikaa miaka mingi kwenye chumba cha majeruhi, na sasa Jumamosi mchana mimi na wenzangu watatu tunazungukia vijiwe vya bodaboda, masoko na vikundi vya akina mama kufundisha huduma ya kwanza. Tuna turubai moja, sanduku la bandeji na mdoli wa kufanyia mazoezi ya kukandamiza kifua. Maswali tunayoulizwa Pasua ndiyo hayohayo tunayoulizwa Kiboriloni na Majengo, kwa hiyo nimeona niyaandike. Mengine ni ya tiba, mengine ya sheria, na mengine ni ya hofu tu. Hayo ya hofu nimeyajibu kwa kirefu zaidi.

Watu wamejaa, kila mtu anaangalia. Kwa nini hakuna anayesaidia?

Gari likigonga mtu karibu na stendi kuu, dakika haijaisha umati umeshafunga barabara. Huyu anavuta mguu wa majeruhi, yule anammwagia maji usoni, mwingine anapekua mfuko kutafuta simu ya ndugu yake, na waliobaki wanarekodi. Sikubali kwamba watu wa huku hawana huruma. Huruma ipo tele. Kinachokosekana ni mtu mmoja wa kusema: wewe fanya hiki, wewe fanya kile.

Jambo hili limechunguzwa. Tarehe 13 Machi 1964, mwanamke kijana aitwaye Kitty Genovese alichomwa kisu hadi kufa karibu na nyumbani kwake Queens, jijini New York. Gazeti kubwa la huko likaandika kwamba watu 38 waliona wakakaa kimya. Habari ile ilishtua dunia, na wanasaikolojia wawili, John Darley na Bibb Latané, wakafanya jaribio lililochapishwa mwaka 1968. Walimweka mtu chumbani asikie kwa vipokea sauti vya masikioni mwenzake wa chumba kingine akishikwa na kifafa, cha kuigiza. Waliojua wako peke yao, 85 kati ya 100 walitoka kutafuta msaada kabla mgonjwa hajanyamaza. Walioamini kwamba kuna wengine wanne wanaosikia, waliotoka walikuwa 31 tu kati ya 100. Kila mmoja alifikiri mwenzake ameshakwenda.

Lakini msiishie hapo kama wanavyoishia wengi. Baadaye ilibainika kwamba habari ya wale mashahidi 38 ilikuzwa mno. Wengi walisikia kelele tu, na jirani mmoja, Sophia Farrar, aliteremka ngazi usiku ule bila kujua kama muuaji bado yupo, akamshika Kitty mikononi mpaka msaada ulipofika. Tena mwaka 2019 watafiti walitazama picha za kamera za mitaani za ugomvi 219 katika miji ya Amsterdam, Cape Town na Lancaster ya Uingereza. Katika ugomvi tisa kati ya kumi, angalau mtu mmoja asiyehusika aliingilia kati. Na watu walipokuwa wengi, uwezekano wa kupatikana wa kusaidia uliongezeka.

Kwa hiyo umati si adui. Umati unataka kupewa kazi. Ukisema "jamani, mtu apige simu", huyo "mtu" hayupo. Mtazame mmoja machoni, mnyooshee mkono, mtaje kwa alivyovaa: "Kaka wa koti la bluu, piga 112, ukimaliza rudi uniambie wamesemaje." "Mama, wewe mwenye beseni, nishikie kichwa chake hivi, kisicheze." "Dogo, kimbia pale kwenye kona usimamishe magari." Nimeona watu waliokuwa wakirekodi wakiweka simu mfukoni na kupiga magoti kwa sababu tu ya kuitwa namna hiyo. Na kama wewe ndiye uliyeumia na bado una sauti, fanya vivyo hivyo. Chagua mtu mmoja, mwite.

Nikifika, nianze na nini?

Macho, kisha mikono. Simama hatua chache kabla ya kufika, uhesabu mpaka tatu na utazame: kuna gari linakuja? Kuna waya umelala chini? Kuna harufu ya petroli? Aliyempiga bado yupo? Sekunde hizo tatu ndizo tunazozifundisha kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu nimewahi kupokea majeruhi wawili kutoka ajali ya mtu mmoja.

Nipige namba gani?

112 kwa polisi na dharura yoyote. 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na hao si wa moto peke yake, wanakuja pia kwa aliyetumbukia shimoni, aliyesombwa na maji au aliyebanwa ndani ya gari. Mjamzito, mzazi aliyetoka kujifungua au mtoto mchanga akiwa na dharura, ni 115. Mtoto anayefanyiwa ukatili, 116.

Sema mahali kwanza, tukio baadaye, maana simu inaweza kukatika. Taja mtaa, kitu kinachojulikana, na upande: "Barabara ya Arusha, umeshavuka daraja la Karanga, kushoto." Kama nyumba ya karibu ina kibao cha anwani, soma namba yake. Usikate simu mpaka wao waseme umalize.

Bodaboda kaanguka. Nimnyanyue nimkalishe? Nimvue helmeti?

Usimnyanyue. Najua inavyouma kumwacha mtu kalala kwenye lami wakati magari yanapita, na najua ukimwacha watu watakusema huna utu. Lakini akiwa ameumia shingo, kule kumkalisha ndiko kunakoweza kumfanya asitembee tena. Zuia magari kabla ya kumgusa: weka pikipiki nyingine mbele na nyuma, washa taa, weka matawi. Kisha piga magoti upande wa kichwa chake, ushike kichwa kwa mikono miwili kama unavyoshika kibuyu kilichojaa, kisiende kulia wala kushoto. Mwongeleshe. "Kaka, usitikise kichwa, nijibu kwa mdomo tu."

Helmeti iache, isipokuwa hapumui au anatapika na huwezi kufika mdomoni. Hapo mnahitajika wawili: mmoja anashika shingo na taya kutoka chini, mwingine anaivuta helmeti taratibu.

Kumhamisha kunaruhusiwa pale tu anapobaki kwenye hatari kubwa zaidi: moto, maji, gari linaloteleza. Na kama hajitambui lakini anapumua, mlazeni ubavu ili matapishi na damu visimzibe. Mgeuzeni watu watatu kwa pamoja, kichwa, mabega na nyonga viende mara moja, kama mnavyoviringisha gogo.

Sasa, ukweli wa huku. Gari la wagonjwa linaweza kuchelewa, na wengi wanafika hospitali za Mawenzi au KCMC kwa bajaji, kwa Noah, au katikati ya watu wawili juu ya pikipiki. Hiyo ya mwisho naomba tuiache. Mtu aliyezimia akibanwa katikati, kichwa kinaning'inia na kila tuta linampiga shingoni. Pikapu ni bora mara kumi. Ng'oeni mlango wa banda au ubao wa meza ya mama ntilie, mlazeni juu yake, mpandisheni hivyohivyo, mmoja akae akishika kichwa. Dereva aambiwe aende polepole. Kukimbiza gari kunampa majeruhi ajali ya pili.

Asiyepumua je?

Mtu akianguka, ukimwita hajibu, na kifua hakipandi kama kawaida, mlaze chali kwenye sakafu ngumu. Weka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, nyoosha viwiko, kandamiza sentimita tano hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Hiyo ni kasi kuliko watu wanavyodhani, nayo inachosha, kwa hiyo pokezaneni kila dakika mbili. Aliyefundishwa anapuliza pumzi mbili baada ya kila mikandamizo 30. Ambaye hajafundishwa akandamize tu bila kusimama. Aliyetolewa majini ndiye anayehitaji pumzi kabla ya kukandamizwa, kwa sababu alichokikosa ni hewa.

Damu inanitisha. Nifanyeje?

Inatisha kila mtu. Hata mimi, siku ya kwanza wodini, nilitoka nje nikashika ukuta.

Acheni niwasimulie. Nikiwa bado mwanafunzi wa unesi, Hiace tuliyopanda kutoka Boma Ng'ombe ilipinduka kwenye mteremko wa Kikafu. Nilitoka dirishani nikiwa na jeraha la paja, la kioo, refu kama kiganja. Nilijua kabisa cha kufanya, nilikuwa nimefanya mtihani wake wiki mbili nyuma, na mikono yangu ikakataa. Nilikaa kwenye majani naitazama damu yangu. Akaja binti anayeuza ndizi kando ya barabara, hata miaka ishirini sidhani kama alikuwa nayo. Alitua sinia lake, akafungua khanga aliyojifunga juu ya gauni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya jeraha na kukandamiza kwa viganja vyote viwili, uzito wake wote. Nilipiga kelele. Hakuachia. Aliniuliza jina, nikamtajia, na kila nilipofumba macho aliliita jina langu kwa nguvu kama ananigombeza. Khanga ya kwanza ilipolowa hakuitoa, aliongeza kitambaa cha kichwa juu yake. Kile kitu kidogo, kutoitoa ya kwanza, ndicho tunachokifundisha hadi leo. Ukifunua unachungulia, unang'oa damu iliyoanza kuganda.

Kwa hiyo: kitambaa safi kadiri kinavyopatikana, kandamiza bila kuachia, ongeza juu, usifunue. Kama kuna kitu kimechomeka, kisu, nondo au kioo, usikichomoe. Kandamiza pembeni yake. Damu ya mkono au mguu ikikataa kabisa kusimama, funga kitambaa kipana kati ya jeraha na kiwiliwili, siyo juu ya jeraha lenyewe, kisiwe kamba nyembamba wala waya, kaza mpaka iache kutoka, na uandike saa uliyofunga. Vaa glovu, na ukikosa, mfuko wa plastiki mikononi unatosha. Usitie majani, kahawa wala mafuta ya taa.

Nikimpeleka hospitali, polisi hawatanishika mimi?

Hili ndilo linaloua watu. Nimelisikia kwa madereva wa bodaboda, kwa matajiri wenye magari, hata kwa mchungaji mmoja: "Nilipita kwa sababu sikutaka kesi."

Sheria ya Usalama Barabarani inambana dereva aliyehusika na ajali. Ni lazima asimame, asaidie majeruhi na atoe taarifa polisi. Msamaria aliyepita njia hana kosa kwa kumbeba mtu. Atakachoombwa ni maelezo: ulimkuta wapi, saa ngapi, hali ilikuwaje. Ni usumbufu, sikatai. Nusu siku ya kazi inaweza kwenda. Unachoweza kufanya ni kujikinga mapema: kabla ya kumpakia, ita watu wawili waone, chukua namba zao za simu, piga picha moja ya eneo na ya namba za magari. Picha ya eneo, siyo ya uso wa mtu anayevuja damu ili uirushe kwenye magrupu ya WhatsApp. Mama yake asiipate habari kwa njia hiyo.

Kuhusu PF3, ile fomu ya polisi namba 3 inayoombwa kwa aliyeumia kwa ajali au kwa kupigwa: inatolewa polisi bila malipo. Mwenye hali mbaya apelekwe hospitali moja kwa moja, mtu mwingine apite kituoni kuifuatilia. Msikae na mtu anayevuja damu kwenye benchi la kituo mkisubiri muhuri.

Nina safari yangu. Ni lazima nisimame?

Kama wapo wanaojua wanachofanya na barabara iko wazi, pita, usiongeze foleni. Kama hakuna, simama.

Tarehe 6 Mei 2017 basi lililobeba wanafunzi wa shule moja ya Arusha lilitumbukia bondeni Rhotia, Karatu. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu walitoka hai. Siku ile kikundi cha Wamarekani waliokuwa wakipita na gari lao walisimama, wakashuka bondeni na kusaidia kuwatoa watoto, na hao watatu baadaye walipelekwa kutibiwa Marekani. Wale wageni hawakumjua mtoto hata mmoja. Nao walikuwa na safari yao.

Lori la mafuta limepinduka na dereva amebanwa ndani. Tumtoe?

Rudisheni watu nyuma, mbali sana. Zima injini, zima sigara, simu usiitumie pale karibu, nenda mbali ndipo upige 114. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu walikuwa wamekusanyika kwenye lori lililopinduka, wengi wakichota mafuta, likalipuka. Walikufa zaidi ya watu 100. Kwenye lori la mafuta msaada mkubwa kuliko wote ni sauti yako. Simama barabarani upige kelele watu wasikaribie, hata wakikutukana.

Korongo limejaa na kuna mtu anasombwa. Mimi najua kuogelea.

Wanaojua kuogelea wamejifunzia bwawani au ziwani. Maji ya mvua za masika yanayoshuka kutoka mlimani ni tope, mawe na magogo. Maji yanayokwenda kasi yakifika sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinainua gari dogo.

Aprili 2024, kule Arusha, gari la shule lilisombwa na maji ya korongo asubuhi, watoto wakafa, na kati ya waliofariki alikuwemo mtu mzima aliyejitosa kuwaokoa. Namheshimu kuliko ninavyoweza kuandika. Nami nataka anayesoma hapa awe na kitu kingine cha kufanya kabla ya kujitosa: rusha kamba, rusha dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko, nyoosha mti mrefu ukiwa umelala kifudifudi na wenzako wamekushika miguu. Anayesombwa mwambie alale chali, miguu mbele, asipambane na mkondo. Kimbieni upande wa chini wa korongo mumsubiri huko, msimkimbize kutoka nyuma. Na wewe dereva wa gari la shule, ukifika kivukoni na huoni lami, wazazi watasubiri. Rudi.

Mtu kapaliwa na chakula, anashindwa kuongea.

Anayekohoa mwache akohoe. Aliyenyamaza, kashika koo, macho yametoka, ndiye wa kukimbilia. Mwinamishe mbele, mpige kwa kiganja kati ya mabega mara tano, kwa nguvu kweli. Bado? Simama nyuma yake, mzungushie mikono, ngumi juu ya kitovu, vuta ndani na juu mara tano. Rudia zamu kwa zamu. Mjamzito vuta kifuani, siyo tumboni. Mtoto mchanga mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini, mpige mgongoni mara tano, kisha mgeuze umkandamize kifua kwa vidole viwili mara tano. Maji na tonge la ugali "lisukume" visitumike. Kwenye sherehe zetu, nyama inapoliwa watu wakicheka na kuongea, hili linatokea zaidi ya mnavyodhani.

Mwenye kifafa akianguka, mate yake yanaambukiza?

Hapana, hata kidogo. Kifafa si cha kuambukiza. Nimemwona msichana akianguka sokoni Mbuyuni na watu wakatawanyika kama wameona nyoka, akagonga kichwa kwenye jiwe la mtaro huku wapo watu hamsini. Aliyemsogelea ni fundi viatu mmoja mzee. Alivua koti lake, akalikunja, akaliweka chini ya kichwa cha yule binti, akasogeza visu na nyundo vyake mbali, akakaa. Basi. Hakumshika wala kumtia kijiko mdomoni. Mtetemo ulipokwisha alimlaza ubavu, akamfunika miguu kwa gazeti maana gauni lilikuwa limepanda. Alipozinduka alimwambia, "Pole mwanangu, umeamka, uko sokoni, mimi ni fundi viatu." Sijawahi kufundisha vizuri kuliko alivyofanya yule mzee. Mtetemo ukizidi dakika tano, au ukirudi kabla hajazinduka, apelekwe hospitali.

Shoti ya umeme?

Usimguse. Zima swichi kuu. Waya wa nguzo ukidondoka, kaa mbali na uwazuie wengine mpaka TANESCO wafike.

Juni na Julai tunaingiza jiko la mkaa ndani. Nikiwakuta wamelala hawaamki?

Baridi ya huku naijua, na vyumba vyetu vya kupanga havina pa kutolea hewa. Sumu ya mkaa haina harufu. Ukigonga hawaitiki, fungua mlango na madirisha yote, vuta pumzi nje, ingia mara moja, vuta mtu utoke. Ukisikia kizunguzungu, toka. Watoeni wote hata anayesema yuko sawa, na wote waende hospitali. Jiko litolewe mwisho.

Nasikia jirani anampiga mkewe usiku. Ni mambo ya nyumbani, niingilie?

Kupiga mtu si jambo la nyumbani. Lakini usiende peke yako na panga mkononi. Waamshe majirani wawili watatu, nendeni mkagonge. Wala hamhitaji kumtuhumu mtu pale mlangoni: "Hodi, baba fulani, samahani, umeme kwenu upo?" Kule kufunguliwa mlango tu kunavunja mkono uliokuwa umeinuliwa. Mama mmoja wa Njoro alikuwa akienda kuomba chumvi, saa sita za usiku, kila kelele zinapoanza. Mwanaume alijua, mke alijua, majirani walijua kwamba haendi kwa ajili ya chumvi. Ikiwa kuna silaha, piga 112 kwanza. Kesho yake, mwanamke akiwa tayari, msindikize kwenye dawati la jinsia na watoto polisi, au kwa mwenyekiti wa mtaa. Akikataa leo usimkasirikie, akuone bado unamsalimia.

Na ndiyo, sheria inakuruhusu kumkinga mtu mwingine anayeshambuliwa kama unavyojikinga mwenyewe, ila kwa nguvu isiyozidi inayohitajika. Akishaanguka, usiendelee kumpiga.

Umati unapiga mtu kwa kelele za "mwizi". Huyo naye nimsaidie?

Huyo naye. Anayeuawa na umati ameuawa, na anayerusha jiwe moja anaweza kushtakiwa kwa mauaji kama aliyeleta tairi.

Nilishuhudia Memorial, kwenye mitumba. Kijana alikuja mbio, nyuma yake watu kama thelathini. Mama muuza mchicha alimshika shingo, akamwingiza chini ya meza yake ya mbao, kisha yeye mwenyewe akapanda kukaa juu ya meza. Mama mnene, mtu mzima. Akasema, "Mnaotaka kumpiga mnianze mimi, halafu mje muwaambie watoto wangu." Watu walipiga kelele, mmoja akarusha chupa, lakini hakuna aliyemgusa. Alimnyooshea kidole mgambo aliyekuwa amesimama pembeni: "Wewe, si unavaa sare? Piga simu." Polisi walikuja. Mchicha wote ulikuwa umepondwa, na wenzake wa mezani walichanga pesa ya kuulipia.

Wengi hawawezi kufanya alivyofanya, nami simlazimishi mtu. Lakini mnaweza kumfungia ndani ya duka, mnaweza kusimama wawili watatu mbele yake, mnaweza kusema kwa sauti "tumeshapiga polisi, wako njiani" na mkapiga kweli. Umati ukizuiwa dakika tano, mara nyingi umeshapoa.

Waliookoa watu hupewa chochote?

Mara chache, na hakuna anayepaswa kwenda akitegemea. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43, wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 walitoka hai, 19 walikufa. Mvuvi kijana, Majaliwa Jackson, alipewa shilingi milioni moja na ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mei 2018 huko Paris, Mamoudou Gassama, kijana wa Mali asiye na vibali, alipanda nje ya jengo hadi ghorofa ya nne kumchukua mtoto aliyekuwa akining'inia. Alipewa uraia wa Ufaransa, naye akaingizwa zimamoto. Ninachowaonyesha vijana wa bodaboda ni hilo la mwisho: wote wawili walipelekwa mahali pa kufundishwa.

Nilisaidia, lakini alikufa. Siwezi kulala.

Nimeulizwa hili na mwanaume mzima akilia mbele ya wenzake kijiweni. Unaweza kukandamiza kifua kwa usahihi kabisa, na bado wengi hawarudi. Haimaanishi ulikosea. Zungumza na mtu, usiizamishe kwenye mbege. Usiku wa kwanza usikae peke yako. Wiki zikipita bado unaona picha ileile ukifumba macho, nenda hospitali useme hivyohivyo, kuna wataalamu wa hilo. Na kama unaweza, nenda msibani. Familia nyingi zinataka kujua kwamba hakuwa peke yake. Waambie alichosema, kama alisema kitu.

Nitajifunza wapi?

Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hufundisha, hata kwa vikundi. Watu kumi na tano wa kijiwe kimoja wakiomba pamoja ni rahisi kuliko mmoja mmoja.

Yule binti wa Kikafu, ulimpata?

Nilirudi mara tatu nilipoanza kutembea bila fimbo. Wauza ndizi walikuwa wamebadilika. Bibi mmoja alisema huenda ni yule aliyeolewa Same, mwingine akasema hapana, huyo alikuwa mfupi. Nakumbuka mikono yake, na kovu dogo juu ya kidole gumba cha kulia. Jina lake sikumuuliza, ingawa langu aliliita kila niliposinzia mpaka pikapu ikafika. Kama ni wewe, au ni mama yako aliyewahi kukusimulia siku aliyoacha sinia la ndizi barabarani, tuulizieni Jumamosi yoyote. Khanga yako ninayo, nyekundu yenye pindo jeusi. Nimeifua mara nyingi, doa moja pembeni limekataa kutoka.